Sifa Arobaini na Moja za Bi Futi

Naapa kwa macho yangu yote mawili, hili la kushoto lenye mtoto wa jicho likiwemo, kwamba habari hii ni kweli tupu. Haina chumvi wala ndimu. Wanaonifahamu watacheka wakifika hapa, na wacheke, maana tangu nistaafu nimewapiga chuku za kutosha na sikuwa na kazi nyingine ya maana. Safari hii ni tofauti. Safari hii nina sababu ya kusema kweli, na sababu yenyewe ina ncha kali. Imenichoma vidole vitatu tangu asubuhi.

Mtaani kwetu yupo mshona mapazia anayeitwa Bi Futi. Jina lake la kwenye vyeti analijua mwenyewe na karani wa vizazi. Sisi wengine tunamwita hivyo kwa sababu ya futikamba ya njano inayoning'inia shingoni mwake tangu ujana wake, ambayo nasikia huivua wakati wa kuoga tu. Duka lake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi saa na muuza rangi. Ndani mna cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme inayokata mkanda kila ikisusa, majora ya vitambaa yamesimama ukutani kama watu wanaosubiri daktari, na meza ya kukatia iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani. Tundu la ufunguo bado lipo. Bi Futi huchomeka mkasi humo.

Mwanamke huyu ana masharti yake. Hashoni dirisha asilolishika kwa mkono. Ukimletea vipimo kwenye karatasi anakurudishia karatasi yako, tena kwa heshima zote, kisha anakuuliza unakaa wapi. Anakuja, anapanda kigoda, anapapasa fremu kama anayempima mtoto homa. Anauliza jua linaingia saa ngapi, nani analala humo, na anayefungua pazia hutumia mkono gani. Akirudi dukani anaandika yote kwenye daftari nene la jalada gumu, kila dirisha na namba yake. Dirisha la 88: mwenye nyumba ni mfupi, kamba iteremshwe. Dirisha la 140: paka hupita hapa, pindo liwe juu. Dirisha la 163: nimekosea inchi mbili, nimefumua, nimerudia, nimeomba radhi. Watu wengine huficha makosa yao; Bi Futi huyapa namba.

Sasa, kituo cha afya kilikuwa kimejenga wodi mpya. Madirisha ishirini na manne, kumi na mawili mashariki na kumi na mawili magharibi, na yote matupu. Wodi hiyo Bi Futi aliitaka kwa moyo wake wote, na ni lazima nieleze kwa nini, maana bila hilo hamtaelewa hasira yake.

Miaka mitano iliyopita mume wake alilazwa kwenye wodi ya zamani, kitanda cha mwisho, upande wa magharibi. Dirisha halikuwa na pazia. Kila siku ikifika saa tisa jua liliingia bila hodi na kumwakia mgonjwa usoni. Bi Futi aliomba ashone pazia bure, akaambiwa vitu vya serikali haviguswi bila barua, na barua haikupatikana. Basi akasimama. Siku kumi na tisa alisimama dirishani na shuka mikononi, ameitandaza kama bendera, mpaka jua lizame nyuma ya tangi la maji. Mume wake alikuwa mcheshi, akawa anawaambia wagonjwa wenzake kwamba ameoa mshona mapazia ili aungue vizuri. Siku ya ishirini hakukuwa na haja ya shuka tena.

Kwa hiyo aliposikia habari za wodi mpya alivaa viatu vya kutokea akaenda kumwona Matroni, mkuu wa wauguzi, mama wa maneno machache na viatu vyeupe visivyoshika vumbi. Matroni alimsikiliza vizuri. Akasema yeye hana neno, ila kamati ya ununuzi siku hizi haitaki kusikia habari za mtu, inataka kuziona. Inataka ukurasa mtandaoni, picha za kazi, na maneno ya wateja yenye nyota. Asiye na ukurasa ni kama hayupo. Bi Futi akarudi akijitazama mikono, kama anayehakikisha ipo.

Hapo ndipo alipoingia Meneja.

Meneja ni mtoto wa kaka yake, kijana wa miaka thelathini na miwili mwenye ndevu zilizochanwa kwa mstari, aliyeacha kazi tatu kwa maelezo kwamba zilikuwa zinambana. Sasa alikuwa amejiajiri. Alikuza biashara za watu mitandaoni, na alikuwa na taa ya duara yenye miguu mitatu ambayo aliibeba kila mahali kama padri na msalaba. Walikubaliana haraka: yeye atamfungulia shangazi yake ukurasa na kuutunza, na shangazi atamshonea mapazia ya chumba chake, yenye bitana.

Siku ya kwanza alimsimamisha Bi Futi mbele ya majora na mkasi mkononi, akamwambia acheke kama mtu aliyeshinda kitu. Bi Futi akauliza ameshinda nini. Meneja akasema ndiyo mtindo. Picha ikatoka, mwanamke wa watu ameshika mkasi na kukenua kama anayetaka kumkata mtu ulimi. Baada ya wiki moja ukurasa ulikuwa na wafuasi elfu tisa. Bi Futi alishika kifua. Akauliza wanakaa wapi. Kila mahali, akajibiwa. Akauliza kama wana madirisha. Meneja akacheka mpaka akakaa chini, na swali likabaki pale pale bila jibu.

Tatizo lilikuwa nyota. Bi Futi aliwaomba wateja wake wa kweli waandike chochote, nao wakaitikia kwa furaha na kusahau kabla ya kufika mlangoni. Mmoja aliandika "Asante" na basi. Mwingine akatoa nyota tatu kwa sababu mapazia yalichelewa siku nne. Meneja aliiona ile nyota tatu akakunja uso kama aliyekanyaga msumari; akasema hiyo ni sumu, iombewe ifutwe. Bi Futi akasema lakini ni kweli, alimchelewesha, cherehani ilikata mkanda. Meneja akashusha pumzi ndefu, akamwambia, "Shangazi, hili niachie mimi."

Akamwachia. Wiki iliyofuata zikaja sifa arobaini na moja, zote nyota tano. Meneja alimsomea mbili fupi, zilizosema mapazia ni mazuri na mshonaji ana adabu. Bi Futi, ambaye miwani yake ilikuwa kwa fundi, alifurahi kuliko alivyoonyesha. Alijua wateja wake hawana ubaya, ni usahaulifu tu; sasa wamekumbuka. Siku nzima alishona akipiga mluzi, na fundi saa wa jirani alichungulia mara mbili kuona kama kuna kilichoharibika.

Siku ya Alhamisi akaingia dukani mama mmoja mnene, anahema, amepanda mabasi mawili kufika. Akakaa bila kukaribishwa, akajipepea, akasema anataka yale mapazia ya mkoromo. Bi Futi alidhani ni utani. Yule mama akatoa simu, akamsomea neno kwa neno: "Tangu nitundike mapazia ya Bi Futi, mume wangu ameacha kukoroma. Miaka kumi na minane nililala na trekta, sasa nalala na binadamu." Kisha akauliza, kwa uso mkavu kabisa, mwanaume anayekoroma chali anahitaji mita ngapi.

Bi Futi alijaribu kumweleza kwamba pazia huzuia jua na macho ya watu, basi. Yule mama hakusikia la mwadhini wala la mteka maji. Alisema kama ni siri ya biashara asimfiche, yeye ni mtu mzima. Alipoona hapewi kitu alisimama, akasema mashuhuri wote ndivyo walivyo, wakipata umaarufu wanabagua wateja, akatoka amevimba. Alasiri hiyo hiyo akaja mwanaume wa makamo kuulizia pazia linalowafanya wakwe waondoke mapema.

Bi Futi akafunga mlango, akaenda kwa fundi miwani akaichukua miwani yake ikiwa na mkono mmoja. Akaketi mezani, simu upande huu, daftari upande ule. Akaanza na sifa ya kwanza.

Mteja wa kwanza alishukuru kwa pazia la dirisha la duara. Bi Futi akafunua daftari lote. Hajawahi kushona dirisha la duara. Wa pili alisema anakaa ghorofa ya tisa. Bi Futi anaogopa lifti. Hajawahi kupanda zaidi ya ghorofa ya nne, na hiyo ya nne aliipanda kwa miguu akisali. Wa tano alisema mapazia yamemponya presha. Wa kumi na moja alisema mtoto wake amefaulu mtihani kwa sababu yao. Kila alipokosa dirisha kwenye daftari alipiga mstari kwa chaki kwenye meza, na mistari ikajipanga mpaka ikafika kwenye tundu la ufunguo. Huyu dirisha lake ni lipi? Halipo. Na huyu? Halipo. Kwa mtu wa nje ni maneno tu. Kwa mwanamke aliyepanda kigoda mbele ya kila dirisha la maisha yake, ilikuwa ni kama kuambiwa amezaa watoto arobaini na hawajui hata sura.

Alipofika kwenye sifa ya ishirini na saba alisimama. Akaisoma tena. Akarudi nyuma kwenye daftari, akafunua polepole, akachomeka pini kwenye ukurasa mmoja. Halafu akaendelea mpaka mwisho.

Meneja alikuja na taa yake akimwambia kuna wazo jipya, la shangazi kucheza kidogo mbele ya kamera. Alikuta sura isiyo ya kucheza.

"Hawa ni akina nani?" akaulizwa.

"Wateja, shangazi."

"Wangu?"

Meneja akajikuna ndevu. "Wateja watarajiwa. Wametangulia kusifu tu."

Bi Futi hakucheka. Meneja akaona maji yamemfika shingoni, akaanza kujitetea kwa kasi. Kila mtu anafanya. Yule wa masofa ana sifa mia mbili, je, ni makalio ya nani yaliyokalia masofa yote hayo? Mpishi wa keki aliyejiajiri juzi ana mia tatu, na jiko lake halijawashwa. Huo ndio mchezo wenyewe. Usipojisifu hakuna atakayejua upo. Yeye hakuiba, hakumdhuru mtu. Alitafuta mtu mzima mwenye kipaji cha maneno, akamlipa kwa bando la simu la mwezi mmoja, na mtu huyo akaandika zote arobaini na moja katika muda wa chai mbili. Alipoulizwa jina la mtu huyo akafunga mdomo kama bahasha.

Bi Futi alikuwa amesimama. Futikamba ilikuwa inatikisika shingoni.

"Miaka ishirini na sita nimejenga jina kwa sindano," akasema. "Nikikosea mshono nafumua, nashona upya, namwomba mtu radhi, yamekwisha. Hili nitalifumuaje? Nianzie uzi gani?"

Meneja akasema zikifutwa ghafla ukurasa utashuka.

"Ushuke. Ushuke mpaka ufike kwenye sakafu yangu, ndipo niliposimama mimi."

Kabla Meneja hajaanza kufuta, Matroni alikuwa mlangoni. Hakuja kusalimia. Kamati ilikuwa imekaa asubuhi, akasema, na mwenyekiti akasoma ukurasa kwa sauti mbele ya wote, na wote wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Kisha wakaacha kucheka. Akatoa simu yake akasoma ile ya presha.

"Mama, mimi wagonjwa wangu nawatibu kwa vidonge," akasema Matroni. "Nikitundika mapazia yako, kesho wataniambia hawahitaji kumeza. Kamati imeamua kazi iende kiwandani."

Hapo mwingine angemsukumia lawama mtoto wa kaka yake, na angekuwa na haki. Meneja mwenyewe alikuwa pale pale, ameshikilia taa yake, anangoja kutajwa. Bi Futi hakumtaja. Alisema hakuandika yeye, lakini jina ni lake, kwa hiyo na aibu ni yake. Akachukua lile daftari mezani akalisukuma mbele ya Matroni.

"Nilichoandika mimi ni hiki. Kisome, kisha uende zako, sitakuzuia."

Matroni alikuwa na haraka. Alilifunua kwa kidole kimoja, amesimama, kama mtu anayechambua mchele wa mwenzake. Akasoma habari za paka. Akasoma la 163, lenye inchi mbili na radhi. Akavuta kigoda. Akaendelea kufunua, huku saa za jirani zikigonga kila moja kwa wakati wake. Halafu akafika kwenye ukurasa ambao Bi Futi hakuwahi kumwonyesha mtu.

Dirisha la 251. Wodi ya zamani, magharibi, kitanda cha mwisho. Upana futi nne na inchi tatu. Jua linaingia saa tisa, linafika usoni mwa mgonjwa saa tisa na robo. Halijashonwa.

Katika daftari zima, hilo peke yake ndilo lililoandikwa hivyo.

Matroni aliweka kidole kwenye neno la mwisho. Miaka mitano nyuma hakuwa matroni bado, alikuwa muuguzi wa zamu ya mchana.

"Ulikuwa wewe," akasema. "Mwenye shuka."

Bi Futi akaitikia kwa kichwa. Matroni akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema jambo la kikazi kwa sauti ya kikazi. Barua ya kiwandani imekwisha andikwa na hawezi kuimeza. Ila watu wa kiwanda walituma vipimo vya dirisha moja tu wakasema mengine yatakuwa sawa na hilo, na ya magharibi hayako sawa, yana kizingiti kirefu. Anaweza kumpa dirisha moja la majaribio, la mwisho kabisa. Likifaa, ataipigania safu yote ya magharibi. Ya mashariki yameshakwenda. Na ule ukurasa uwe safi kabla ya Jumatatu, na uwe na maelezo.

Matroni alipoondoka, Bi Futi hakushangilia. Alilichukua daftari, akaiangalia ile pini, akatoka nalo.

Nyuma ya duka, kwenye nyumba ya vyumba viwili, anaishi mdogo wa marehemu mume wake, karani wa posta mstaafu, tunayemwita Mzee Stempu. Ni mzee mtanashati, amejisomea mwenyewe bila kufundishwa na mtu, mwenye maneno matamu na akili za kuchemka. Bi Futi alipiga hodi kama kawaida, akaitikiwa, akasalimia, akaomba maji ya kunywa. Mzee Stempu alipoenda kuchota, yeye alikwenda moja kwa moja dirishani.

Pazia la dirisha lile alilishona mwenyewe miaka saba iliyopita. Linafunguka upande wa kushoto tu, kwa sababu upande wa kulia umezibwa na kabati la vifurushi ambavyo posta haikuwahi kuvipatia wenyewe. Na kwa kuwa kitanda kiko mbali, mwenye chumba hulivuta kwa mpini wa mwavuli akiwa amelala. Yote hayo yamo kwenye daftari. Dirisha la 97.

Mzee Stempu aliporudi na glasi alimkuta shemeji yake amesimama na simu mkononi.

"Pazia langu linafunguka kushoto tu," akasoma Bi Futi, "nalivuta kwa mpini wa mwavuli nikiwa kitandani, na kila asubuhi namwombea dua aliyelishona. Ameandika Mama Mapacha." Akashusha simu. "Shemeji, mapacha umewazaa lini?"

Mzee alianza hadithi ndefu ya binamu fulani wa mbali ambaye kwa bahati ana dirisha kama hilo hilo na mwavuli kama huo huo. Bi Futi alimwacha aende nayo mpaka pumzi ikamwishia mwenyewe katikati ya binamu.

"Nilitaka kazi ile ya wodi," akasema, bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Unajua kwa nini. Ndugu yako aliungua jua siku kumi na tisa, na ulikuwa unakuja kumwona, ukinikuta nimesimama. Leo nimenyang'anywa kwa maneno yako. Kwa bando la simu."

Mzee Stempu akaiweka glasi mezani.

"Na linaloniuma," akaendelea Bi Futi, "katika arobaini na moja, hii moja ni ya kweli. Ungeiandika hii tu, kwa jina lako, ningefurahi mwaka mzima."

Basi nisiwazungushe tena. Mzee Stempu ni mimi. Nilikula bando, nikaandika habari za mkoromo nikicheka peke yangu, sikufikiria hata mara moja kwamba kuna mtu atapanda basi kuja kununua. Nilidhani maneno ya mtandaoni ni kama chuku za kibarazani: kila mtu anajua, kila mtu anacheka, anakunywa maji anakwenda zake. Kumbe kibarazani wananiona uso. Huko hawanioni. Wananiamini.

Hukumu ilitoka pale pale, na haikuwa na rufaa. Kwanza, Meneja azifute zote arobaini na moja na aniache niandike moja upya, ya dirisha la 97, kwa jina langu la kwenye vyeti. Pili, niandike habari nzima kama ilivyokuwa, iwekwe pale pale kwenye ukurasa, bila chuku. Ndiyo hii mnayoisoma. Tatu, kwa kila sifa ya uongo nishone kulabu kumi za mapazia kwa mkono. Uongo arobaini, kulabu mia nne. Meneja naye alipewa ngazi. Ndiye atakayepanda kutundika. Mapazia yake mwenyewe yenye bitana hayajashonwa mpaka leo. Ametundika shuka, tena ya maua.

Lile dirisha la majaribio Bi Futi alilipima mara tatu. Alilitundika siku ya Jumanne, kitambaa cha kijani kisichokolea, bitana nzito, pindo linalokaa juu ya kizingiti bila kukunjamana. Saa tisa jua likaja kama kawaida yake. Matroni alijilaza kwenye kitanda cha chini ya dirisha na viatu vyake vyeupe, akafumba macho, akakaa hivyo nusu saa nzima bila kutikisika. Alipoinuka alisema yale kumi na moja aletewe kabla ya mwisho wa mwezi. Bi Futi alilishika pindo, akalinyoosha, ingawa lilikuwa limenyooka. Upande wa mashariki yametundikwa ya kiwandani, mafupi kwa inchi nne, na kila akipita hapo anasonya.

Wafuasi elfu tisa walibaki mia tatu na kumi. Juzi mmoja wao alikuja dukani. Alikuwa na dirisha.

Hapa nilikuwa nimemaliza, nimeweka na kituo. Lakini Bi Futi alitaka kusoma kabla haijawekwa ukurasani, akaisoma yote amesimama, futikamba shingoni, kalamu nyekundu mkononi. Amekuta haya. Yule mama wa mkoromo alipanda basi moja, si mawili. Matroni hakulala nusu saa. Alilala dakika tano, na aliamshwa na simu. Futikamba huvuliwa kila usiku na kutundikwa msumarini kama vitu vya watu wastaarabu. Mimi sina mtoto wa jicho wala mjukuu wa jicho, kwani jana ameniona natia uzi kwenye sindano bila miwani. Na hakuna mtu, mtaani humu wala kwingine, aliyewahi kuniita mtanashati.

Chuku tano, kulabu hamsini. Nimemwomba aniachie angalau hilo la mwisho. Amenisogezea mkebe wa kulabu.